Mwizi Asiyekemewa

"Kikapu hiki, mlango ule," Bibi alisema. "Toka kabla mwezi haujapanda juu ya bati."

Pi-yun alikuwa amekaa jikoni, sketi ya kazini bado mwilini, akikoroga bakuli lake la madonge ya mchele bila kula. Alikuwa ameshuka kwenye treni ya jioni kutoka Taipei, nywele zikinukia vitambaa vipya vya dukani, na uso wake ulikuwa na ule uchovu wa mtu aliyewatabasamia wateja kutwa nzima.

"Bibi, nina miaka ishirini na saba."

"Ndiyo maana nasema toka."

"Wenzangu leo wanawawashia watoto wao taa. Mimi bado niende kuiba vitunguu vya watu?"

"Wenzako walifokewa, wewe hujafokewa. Kwani kosa la nani?"

Mama yake, aliyekuwa akifuta vyombo, aliweka sahani chini kwa kishindo.

"Mama, mwache mtoto apumzike," alimwambia mkwewe. "Jumapili watu wa Taipei wanakuja kunywa chai. Mambo yameshakwisha. Ya nini tena kwenda kukanyaga matope?"

"Chai ni Jumapili," Bibi alijibu. "Leo ni Usiku wa Taa."

Sebuleni, baba yake Pi-yun aliongeza sauti ya televisheni. Alikuwa ameishi na wanawake hawa muda mrefu, na alijua wakati wa kuwa kiziwi.

Hiyo chai ndiyo iliyomnyima Pi-yun usingizi wiki nzima. Bwana Hsieh, mpwa wa mwenye duka la vitambaa alikofanya kazi, angekuja na wazazi wake na kuketi kwenye kochi lao jipya. Pi-yun angetoka jikoni na sinia, amkaribishe kila mmoja kikombe, kisha asimame kando akiinamisha macho. Binti akiitoa ile sinia, ndiyo amekubali kutazamwa. Mwanamume akikimaliza kikombe, ndiyo amekubali alichokiona. Na Hsieh alikuwa mtu wa kukimaliza. Alikuwa mpole, mwenye kucha safi na nyumba ya ghorofa yenye lifti. Kila alipopita dukani alimletea keki ndogo ndani ya boksi lenye utepe. Pi-yun alikuwa amemtafutia kosa miezi na miezi bila kulipata, isipokuwa moja tu, kwamba hakuwa A-keng.

"Usinikunjie uso," Mama alisema, sauti ikishuka. Alikaa mbele yake na kumshika mkono. "Mimi nimezeeka hapa Shuiwei nikiisikia hiyo treni. Asubuhi naisikia, jioni naisikia. Haikunichukua hata siku moja. Wewe imekuchukua. Sasa unataka uje uolewe na kabichi?"

"Nani kataja kabichi, Mama?"

"Mimi ni mama yako. Huna haja ya kutaja."

Pi-yun alihisi masikio yakimchemka. Aliinuka, akachukua kikapu, akavaa viatu vya mpira vya baba yake vilivyokuwa mlangoni. Bibi alimfuata hadi kibarazani, akamrekebisha kola ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Mwaka huu nenda kwa muuza tofu," alimnong'oneza. "Yule mzee anajua kufoka. Alimfokea Hsiu-luan mpaka mbwa wakabweka, na kabla mwaka haujaisha akaolewa na yule kijana wa posta. Si unawaona walivyonenepa?"

"Nitaona, Bibi."

"Hutaona chochote. Utakwenda kule kule kwa mabubu." Bibi alimsukuma taratibu mgongoni. "Haya nenda. Mkaidi kama babu yako."

Wasichana wa Shuiwei walilijua jambo hili tangu wakiwa wadogo wa kubebwa. Usiku wa Taa, mwezi wa kwanza wa mwaka unapojaa, msichana ambaye hajaolewa huingia kwenye bustani ya mtu na kung'oa vitunguu majani. Kisha mwenye bustani lazima amkamate kwa macho na kumfokea. Amwite mwizi, amwite mla bure, amtajie na ukoo wake akitaka. Kadiri maneno yanavyokuwa makali, ndivyo mume atakayempata anavyokuwa mwema. Lakini ukiiba na usifokewe, umepata kitunguu tu. Utakikatia kwenye supu na kulala peke yako.

Na Pi-yun alikuwa amekula supu nyingi sana. Tangu alipokuwa msichana wa shule alikwenda kwenye bustani moja tu, ile ya Chiu, kwao A-keng, karibu na reli, na kila mwaka dirisha la nyumba ile lilibaki kimya. Mwanzoni alidhani hawamwoni. Baadaye akagundua kwamba akiingia tu, taa ya chumbani kwa Mama Chiu huzimwa. Mama Chiu alikuwa akimwona vizuri sana. Alikataa tu kumfokea.

Uchochoro ulijaa watoto. Walibeba taa za karatasi na makopo ya maziwa yaliyotobolewa misumari, mshumaa ndani, na mwanga ukatawanyika ukutani vitone vitone. Manyunyu ya jioni yalikuwa yamekatika na mawe ya njia yaling'aa. Nyuma ya kilima, kule Taipei iliko, anga ilikuwa na weupe ule ule wa siku zote, usiokuwa wa jua wala wa mwezi. Pi-yun alisimama kidogo kuutazama.

Alipokuwa na miaka minane, A-keng alimwambia kwamba kule nyuma ya kilima kuna mwezi wa pili, mnene mno hadi unashindwa kupanda. Pi-yun aliamini. Walikuwa wakikaa juu ya ukuta wa stesheni, miguu ikining'inia, wakiusubiri ule mwezi mnene ujikaze siku moja utokee. Hata alipokua na kujua kwamba ni taa za jiji tu, hakuacha kuuita hivyo moyoni. Kila jioni treni ilipoukata ule mwanga na kuingia kwenye giza la mashamba, alijiona anaondoka mwezini anarudi nyumbani.

Siku hizi waliongea maneno machache tu, yale yale, alfajiri stesheni. A-keng alikuja kuwapakilia kina mama wa sokoni matenga yao ya mboga. Kazi ile haikuchukua muda, lakini hakuondoka mpaka treni iondoke. "Umekula?" angemuuliza. "Nimekula," angejibu, hata kama hajala. "Haya, shika vizuri." Kisha mlango ungefungwa, na Pi-yun angeshika bomba la treni vizuri kweli kweli mpaka Taipei, kama alivyoambiwa. Kwa maneno hayo alikuwa ameishi miaka.

Hakuwa mjinga. Alijua kilichomfunga A-keng mdomo. Kaka yake mkubwa, Wen-liang, alikwenda Taipei kufanya kazi. Mwanzoni alirudi kila Jumamosi, baadaye kila mwezi, halafu sikukuu ya mwaka mpya tu. Mwaka huu alipiga simu tu. Mama Chiu aliiweka simu chini, akala chakula cha mwaka mpya na mwanawe mmoja, bakuli la yule mwingine likiwa mezani. Kabla ya hapo alikuwa ameshasema mbele ya watu sokoni, akijua maneno yatafika: "Msichana anayepanda treni kila asubuhi, iko jioni moja hatashuka. Na akibaki huko, mume atamfuata." Maneno yalifika siku ile ile, kabla hata ya wali kuiva.

Geti la bustani halikuwa na komeo. Pi-yun alilisukuma, akaingia akinyata ndani ya viatu vya baba yake vilivyompwaya. Kabichi zilijipanga hadi kwenye tuta la reli, nene na zenye umande. Kando ya njia, chini ya ukuta, kulikuwa na ule mstari mmoja wa vitunguu majani. Aliinama, akashika shina la kwanza.

"Umechelewa mwaka huu."

Nusura aanguke kifudifudi. A-keng alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na pampu, mikono kwenye magoti. Mwezi ulimwangaza upande mmoja wa uso. Alikuwa amevaa shati safi.

"Umenitisha, wewe! Unafanya nini hapa?"

"Hapa ni kwetu."

"Najua ni kwenu. Siku zote huwa hukai nje."

"Siku zote huwa nakaa," A-keng alisema. "Nilikuwa nakaa kule nyuma ya tangi. Leo nimesogea."

Pi-yun alisimama, udongo vidoleni. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio na hakutaka uonekane, kwa hiyo akainua kidevu kama alivyofanya walipokuwa wakigombania gololi.

"Kila mwaka? Ulikuwa unaniangalia naiba na unanyamaza?"

"Kila mwaka."

"Hata ule mwaka nilioteleza nikakalia kabichi?"

"Ule hasa. Nilijiuma mkono nisicheke." Alitabasamu, halafu tabasamu likayeyuka. "A-yun, nimesikia habari ya Jumapili."

"Shuiwei nzima imesikia. Mama kanunua kochi."

"Ni mtu mzuri?"

"Mzuri. Ana lifti."

"Lifti ni kitu kizuri," A-keng alisema. Mbali kidogo mtoto aliunguza taa yake akaanza kulia, na mama yake akambembeleza. A-keng alikuwa akimtazama Pi-yun bila kuyakwepesha macho, kitu ambacho hakuwahi kukifanya stesheni. Laiti angemwambia neno moja tu, Pi-yun angeiacha ile sinia ya chai ivunjikie huko huko jikoni.

"Haya," Pi-yun alisema. "Kama umeamua kusogea, basi nifokee. Niite mwizi. Leo ni mara yangu ya mwisho kuja."

"Siwezi."

"Neno moja tu, A-keng. Mwizi. Hata mtoto anaweza kulisema."

"Nikikufokea, nitakuwa nimekuombea mume mwema." Aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Nimwombee nani? Yule wa vitambaa? Nisimame kwenye shamba langu nimwitie mwanamume mwingine heri yako? Sitaki. Moyo wangu si mzuri kiasi hicho."

Pi-yun alimtazama, na machozi aliyokuwa ameyabana tangu jikoni yalimjaa.

"Mjinga wewe," alisema. "Mjinga kabisa. Kwani ni nani aliyekwambia huyo mume lazima awe yeye? Bustani zote hizi za Shuiwei, mimi nakuja hii hii, kila mwaka, natoka bila kufokewa. Bibi ananiambia nenda kwa muuza tofu, siendi. Ulidhani naja kwa sababu ya vitunguu vyenu? Vyenyewe vyembamba, vinakua kivulini, hata sijui mama yako anavitaka vya nini."

"Mama hali vitunguu majani," A-keng alisema polepole. "Vinamsumbua tumbo."

"Basi mnauza?"

"Mstari mmoja? Nani atanunua?"

Pi-yun aliangalia chini. Mstari ulianzia getini kabisa, mahali ambapo mtu hana haja ya kuingia ndani wala kukanyaga matope mengi. Udongo wake ulikuwa umepaliliwa karibuni, na mabua makavu ya mpunga yalitandazwa njiani ili mtu asiteleze. Alikumbuka kwamba mwaka ule alioteleza, mabua hayakuwepo. Mwaka uliofuata yalikuwepo.

"Ni vyako," A-keng alisema. "Vimekuwa vyako tangu tuko shule. Navipanda kabla ya baridi ili ikifika siku hii viwe vimesimama. Sijui kusema, A-yun. Unanijua. Najua kupanda tu."

Pi-yun alikifumbata kikapu kifuani. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na akavifanya vyote viwili bila mpango.

"Sikiliza," A-keng aliendelea, sasa akiongea haraka kama mtu aliyeogopa ujasiri usimwishie. "Nimeongea na kaka. Kuna nafasi soko la mboga la Taipei, kupakua malori. Nitakuja. Nitakodi chumba. Kama ni jiji unalolitaka, nitajifunza jiji. Nipe mpaka kiangazi."

Taa ya chumbani kwa Mama Chiu ilikuwa imezimwa, kama kila mwaka. Lakini Pi-yun aliona pazia likitikisika.

"Usithubutu," alisema.

"Nini?"

"Usithubutu kuja Taipei." Alijifuta macho kwa kiganja, akajipaka udongo shavuni. "Ni nani aliyewaambia nyinyi watu kwamba mimi nataka Taipei? Mama anasema naitaka. Mama yako anasema naitaka. Sasa na wewe? Mimi nafanya kazi kule. Naipenda, sikatai. Naipenda kama ninavyopenda sherehe za watu. Taa, muziki, watu wamependeza. Lakini ulishamwona nani akalala shereheni? Tajiri wangu amenipa kitanda bure juu ya duka tangu mwaka wa kwanza. Wenzangu wananicheka, wanasema nanuka treni. Kila jioni nakimbia stesheni viatu mkononi nisije nikaachwa. Wewe uko hapa kando ya reli kila jioni. Ilishawahi kupita treni ya jioni nisishuke?"

"Hapana."

"Hata siku ya kimbunga?"

"Siku ya kimbunga ulitembea juu ya reli," A-keng alisema. "Nilikuja na mwavuli. Ukasema huuhitaji."

"Nilikuwa nimelowa hadi mifupani, mwavuli wa nini?" Aligeuka kulikabili dirisha. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimechoka na adabu. "Mama Chiu! Najua uko macho!"

"A-yun," A-keng alinong'ona, "taratibu."

"Mama Chiu, shikamoo! Mimi ni mwizi! Naiba vitunguu!"

Dirisha lilinyamaza. Pi-yun aliinama, akang'oa kitunguu na kukiinua juu mwezini, mizizi ikidondosha udongo. Kimya. Akang'oa cha pili, cha tatu. Aling'oa mstari mzima, akirudi nyuma hatua kwa hatua, A-keng akimfuata mikono ikining'inia, asijue amzuie au amsaidie. Kikapu kilijaa. Pazia lilitulia.

Hapo ndipo Pi-yun aliporuka tuta na kuingia kwenye kabichi.

"A-yun, hizo si zako," A-keng alisema, macho yamemtoka. "Hizo zinakwenda sokoni kesho."

"Najua."

Alichagua moja, iliyoshiba kuliko zote, akaipinda shingo kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na baba yake. Ilikatika kwa mlio wa kuridhisha. Akaiweka kwapani, akaishika na ya pili.

Dirisha lilifunguka kwa kishindo mpaka kioo kikalia.

"We! Weee! Acha kabichi yangu! Mwizi mkubwa wewe, huna haya! Nimeamka alfajiri miezi mitatu kuwafukuza konokono, nimeinama mpaka kiuno kimekataa, wewe uje uzinyonge kama kuku? Mwizi! Mtoto wa Lo, mwenye miguu ya bata! Nyinyi ukoo wenu wote mna mikono mirefu, babu yako aliniibia mapera nikiwa mwali, leo umerithi wewe! Iweke chini! Iweke chini nasema!"

Mbwa wa reli alibweka. Wa jirani akamjibu. Milango ya uchochoroni ilifunguliwa, na watoto walikuja mbio na taa zao, wakajipanga nje ya ukuta vichwa vikichungulia. Muuza tofu alitoka na bakuli lake mkononi, kijiko mdomoni.

Mama Chiu alisimama dirishani, nywele nyeupe zimefunguka, kidole bado kikielekeza. Kisha alisikia alichokisema. Alionekana akikisikia. Kidole kilishuka chenyewe, na mkono ukaenda kuziba mdomo.

Pi-yun alisimama katikati ya kabichi. Ujasiri ulikuwa umemwishia wote, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, maana neno la hasira huweza kukanushwa, na mama huyu akisema sasa hivi kwamba alipitiwa tu, basi Jumapili sinia itatoka.

"Mama," A-keng alisema. "Umefoka."

"Nimejisikia."

Mama Chiu aliangalia kilima na ule weupe uliokuwa nyuma yake. Aliuangalia muda mrefu, na kila aliyekuwepo alijua alikuwa akimtafuta nani mle ndani. Kisha aliwaangalia wale wawili bustanini, mwanawe aliyevaa shati safi na yule msichana mwenye udongo shavuni.

"Siku ya kimbunga," alisema, sauti imekwaruza. "Kweli ulitembea kwenye reli?"

"Nilitembea, Mama."

"Kutoka wapi?"

"Treni ilisimama kule darajani. Wengine walirudi jijini kulala."

"Na wewe kwa nini hukurudi?"

"Nilikuwa nakuja nyumbani," Pi-yun alisema.

Mama Chiu alivuta pumzi. Alijifunga nywele kwa mikono miwili, taratibu, mbele ya watu wote, kama mwanamke anayejiandaa kwenda mahali. Halafu aliinama nje ya dirisha, akafungua kinywa, na safari hii alifoka kwa kukusudia, kila neno kwa uzito wake, ili lifike hadi nyumba ya mwisho ya uchochoro.

"Mwizi! Mwizi mkubwa wewe! Umekuwa ukiniibia tangu una ribini za shule, mwaka hata mwaka, na hata hodi hujui kupiga! Ni nani aliyekufundisha kuingia kwa watu kwa geti la nyuma? Nyumba hii haina mlango? Mlango hauna kizingiti? Kesho upite mlangoni, uvue viatu kama binadamu, ule mezani! Bakuli lipo! Umesikia, mwizi?"

"Nimesikia, Mama."

"Sauti!"

"Nimesikia!"

A-keng alikuwa amefunika uso kwa mikono yake yenye udongo, na mabega yalimtikisika. Pi-yun hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoinua uso na kumwangalia, na hapo akaona ni vyote, kama yeye.

Nje ya ukuta, kati ya taa za watoto, alikuwa amesimama Bibi, amejifunga shali, na nyuma yake Mama na aproni yake ya jikoni. Walikuwa wamesikia kutoka nyumbani. Mama yake alimwangalia Pi-yun kwa muda, akitafuta kitu usoni mwake, na alipokiona, alionekana kuchoka na kupumua kwa wakati mmoja.

"Na hao watu wa Jumapili?" aliuliza. "Kochi nimeshalilipia."

"Kochi tutakalia wenyewe," Bibi alisema. "Wataarifiwe kwa heshima. Binti amefokewa."

"Na wewe, mwenye miguu ya bata!" Mama Chiu aliita tena dirishani, maana sasa alikuwa ameonja na hakutaka kuacha. "Hiyo kabichi ni ya sokoni. Kesho uirudishe!"

"Ndiyo, Mama."

"Ikiwa imepikwa!"

Watoto walipiga kelele za furaha bila kujua kwa nini. A-keng alikuja akiruka matuta, akamchukua Pi-yun kikapu cha vitunguu, na alipokipokea vidole vyao vilishikana chini ya mpini, mbele ya mtaa mzima.

"Umekula?" alimuuliza.

"Sijala," Pi-yun alisema, kwa mara ya kwanza akimwambia ukweli, akaikumbatia ile kabichi na kulia bila kuona haya.